2,147,483,647: Nambari iliyomtoa jasho Euler, sasa inasubiri kompyuta mwaka 2038

Na MWANDISHI WETU

WENGI wenu mmewahi kujaribu ile changamoto ya kuweka akiba kwa wiki 52: wiki ya kwanza Sh50, ya pili Sh100, hivyo hivyo hadi Desemba. Leo chukua nyingine, fupi lakini kali. Januari mosi weka bob moja tu. Tarehe mbili weka mbili. Tarehe tatu weka nne. Kila siku unaweka maradufu ya ulichoweka jana, mpaka tarehe 31.

Siku kumi za kwanza ni mteremko. Jioni ya tarehe 10 una Sh1,023, pesa ambazo hata mwanafunzi wa chuo anaweza kuzipata akijinyima smokie na mayai kwa muda. Tarehe 20 kibubu kina Sh1,048,575, na mabeshte wameanza kuulizana unafanya kazi gani siku hizi. Tarehe 31 unadaiwa zaidi ya bilioni moja kwa siku hiyo pekee. Ukizipata, jumla ya mwezi mzima ni Sh2,147,483,647.

Iangalie tena: 2,147,483,647. Ni tarakimu kumi tu, sawa na nambari ya simu. Lakini nambari hii imejificha ndani ya gemu unazocheza, hifadhidata za kampuni na saa za kompyuta. Kabla ya hapo ilikuwa fahari ya wanahisabati wa Ulaya. Na ina miadi nasi: Jumanne, Januari 19, 2038, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi saa za Kenya.

SWICHI 32

Kompyuta haijui tatu wala tisa. Inachojua ni swichi: imezimwa au imewashwa, sufuri au moja. Kila swichi ya namna hiyo huitwa biti. Kwa miaka mingi, njia ya kawaida ya kuhifadhi nambari nzima ndani ya kompyuta imekuwa kuitengea biti 32.

Moja kati ya hizo 32 inafanya kazi ya alama: ikizimwa nambari ni chanya, ikiwashwa ni hasi. Zinabaki 31. Swichi ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, na kuendelea hivyo kwa kuongezeka maradufu. Unaona tulikotoka? Ni kile kibubu cha Januari. Kila biti ni siku moja ya mwezi. Ukiziwasha zote 31, jumla yake ni 2,147,483,647, na hapo ndipo mwisho wa njia. Nambari kubwa zaidi ya hiyo haina pa kuandikwa.

Je, ukiongeza moja? Fikiria mita ya kilomita kwenye dashibodi ya matatu ya zamani yenye tarakimu sita. Ikifika 999,999 na gari likaenda kilomita moja zaidi, mita inarudi 000,000, kana kwamba gari limetoka kiwandani jana. Kwenye biti 32 mambo ni mabaya zaidi. Ile moja uliyoongeza inazima swichi zote 31 na kuwasha ile ya alama. Kompyuta inasoma hasi 2,147,483,648. Tajiri mkubwa kuliko wote amegeuka mdaiwa mkubwa kuliko wote, kwa hatua moja.

Si kila programu huruhusu hilo litokee. Nyingine hukataa kupanda zaidi. Wachezaji wa Grand Theft Auto V waliotajirika kupitia soko la hisa la ndani ya gemu wanajua kuwa pesa za mhusika mmoja hugota kwenye dola 2,147,483,647. Wale wa RuneScape wanajua kwamba fungu moja la sarafu halizidi kiasi hicho hicho. Ni gemu mbili tofauti, za kampuni mbili tofauti, na dari ni lile lile, kwa sababu zote mbili ziliiweka pesa kwenye biti 32.

Kisha kuna Gangnam Style. Wimbo huo wa Psy wa Korea Kusini ulitoka Julai 2012 na kufikia Desemba mwaka huo ukawa video ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni moja. Desemba 2014 YouTube ilitangaza, kwa mzaha kidogo, kwamba haikuwahi kufikiria video yoyote ingetazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647. Kaunta ikahamishiwa kwenye biti 64, ambazo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807. Kwa ukubwa huo, hata video iliyovuma vipi haitafika.

YA HAPA KWETU

Usidhani haya ni ya Korea na Marekani peke yake. Chukua kijana anayejenga programu ya kusajili wateja wa saluni au wanachama wa chama. Anataka kuhifadhi nambari za simu. Simu ni nambari, kwa hivyo anachagua aina ya INT kwenye hifadhidata ya MySQL na kuendelea na shughuli zake.

Nambari ya simu ya Kenya ikiandikwa kwa mtindo wa kimataifa huanza na 254 na ina tarakimu 12. Kwa kompyuta hiyo si simu, ni bilioni 254 na ushee. Haiwezi kuingia. Kama MySQL haikuwekwa katika hali ya ukali, haitalalamika vya kutosha kumshtua mtu: itaikata nambari ile hadi kiwango cha juu inachokijua na kuandika 2147483647. Mteja wa pili naye anapata 2147483647, wa tatu vilevile. Siku ya kutuma ujumbe wa ofa, wateja mia tano wana nambari moja ya simu, na haipatikani Kenya.

Kwa hivyo nambari ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Hakuna atakayeijumlisha wala kuizidisha, na ikiandikwa kwa mtindo wa 07 ile sufuri ya mbele haitapotea.

Pesa nazo zina mtego wake. Mifumo mingi huhifadhi pesa kwa senti ili kukwepa nukta. Ukifanya hivyo kwenye biti 32, kiasi kikubwa zaidi unachoweza kuandika ni Sh21,474,836.47. Milioni 21 ni nyingi kwa mtu anayelipa nauli, lakini si nyingi kwa anayenunua nyumba Nairobi, wala kwa Sacco inayojumlisha amana za wanachama wake.

KIPOFU ALIYEIPIMA

Mpaka hapa ungedhani nambari hii ni ya wahandisi wa kompyuta pekee. La hasha. Ilikuwa maarufu miaka mia mbili kabla ya kompyuta kuzipa biti 32 kazi hii, kwa sababu nyingine kabisa: ni nambari tasa.

Nambari tasa ni ile isiyogawanyika bila kubakisha, ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kadhalika. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne alivutiwa na zile zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa, kisha kutoa 1. Mbili mbili ukatoa moja unapata 3, ambayo ni tasa. Mbili tatu zinakupa 7, tasa. Mbili tano, 31, tasa. Lakini mbili kumi na moja zinakupa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mpango umeharibika.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinazaa nambari tasa, na 31 alikuwa ndani. Hiyo 31 ndiyo nambari yetu: mbili 31 zilizozidishwa pamoja, ukitoa moja. Mersenne hakutoa uthibitisho, na orodha yake ilikuwa na makosa. Aliweka 67 na 257, ambazo hazifai, akaziacha 61, 89 na 107, ambazo zinafaa.

Aliyemaliza ubishi kuhusu 31 ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Mwaka ulikuwa 1772. Euler alikuwa na umri wa miaka 60 na kitu, na alikuwa karibu kipofu kabisa baada ya upasuaji wa jicho uliofanywa mwaka uliotangulia. Hesabu alizifanya kichwani, wengine wakimwandikia.

Ungeanzia wapi? Kanuni ya shuleni inasema huna haja ya kujaribu vigawanyo vilivyopita kipeuo cha pili cha nambari yako, kwa kuwa kikiwepo kikubwa, lazima kiwe na mwenzake mdogo. Kipeuo cha pili hapa hakifiki 46,341. Chini yake kuna nambari tasa karibu 4,800. Kugawa mara 4,800 kwa mkono, bila kikokotoo, ni adhabu.

Euler hakukubali adhabu hiyo. Alionyesha kwamba kama nambari hii ina kigawanyo tasa chochote, basi kigawanyo hicho kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Chochote kingine hakina haja ya kuguswa. Kwa hatua hiyo wagombea walishuka hadi 372, na wengi wa hao wenyewe si tasa, kwa hivyo nao wanatupwa. Wanabaki wapatao 80. Kazi ya miezi imekuwa kazi ya siku chache.

Jaribu mmoja wao. Wa kwanza wa maana ni 311, yaani 248 ukijumlisha 63. Toa simu, fungua kikokotoo, gawa 2,147,483,647 kwa 311. Inaingia mara 6,905,092 na kubakisha 35. Amefeli. Euler aliendelea hivyo hadi mwisho wa orodha, na wote wakafeli. Nambari ni tasa. Kwa miongo mingi hakuna binadamu aliyeijua nambari tasa kubwa kuliko hiyo.

Ukitaka kujua bahati iliyopo hapa, angalia majirani. Ukitumia mbili 29 unapata 536,870,911, ambayo ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Ukitumia mbili 30 unapata 1,073,741,823, inayogawanyika kwa 3. Ukitumia mbili 32 unapata 4,294,967,295, ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaona inaishia na 5. Nambari tasa ilikaa hasa pale ambapo wahandisi, bila kuitafuta, wangekuja kuweka ukuta wao.

"HAINA KAZI"

Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kitabu kuhusu nambari. Wakati huo nambari ya Euler ilikuwa imesaidia kupata nambari kamilifu kubwa kuliko zote zilizojulikana. Nambari kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawanyo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unaipata tena. 6 ni kamilifu, kwa sababu 1 na 2 na 3 ni 6. Ile ya Euler ni 2,305,843,008,139,952,128.

Barlow alisema hakuna kubwa zaidi itakayowahi kupatikana, kwa sababu vitu hivi vinafurahisha tu, havina faida, na hakuna mtu atakayejisumbua. Alikosea mara mbili. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, kupitia mradi wa GIMPS unaounganisha kompyuta za watu wa kujitolea, alipata nambari tasa ya aina ya Mersenne yenye tarakimu 41,024,320, na kila nambari ya aina hiyo huzaa nambari kamilifu yake.

Na kuhusu faida? Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia rahisi ya kompyuta kutoa nambari zinazoonekana kama za bahati nasibu. Chagua nambari ya kuanzia. Izidishe kwa 16,807, ugawe kwa 2,147,483,647, ubaki na salio. Salio hilo ndilo nambari yako, na ndilo la kuanzia tena. Kwa kuwa 2,147,483,647 ni tasa, na 16,807 ilichaguliwa kwa makini, mzunguko unapitia nambari 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Njia hiyo imetumika kwenye programu nyingi za kuigiza hali halisi, ingawa haifai hata kidogo kwa nywila au kwa siri yoyote, kwa sababu anayeijua nambari moja anaijua inayofuata.

JUMANNE ILE

Sasa tufike kwenye miadi.

Kompyuta nyingi hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, usiku wa manane saa za GMT, ambao kwetu ulikuwa saa tisa usiku. Mifumo iliyorithi desturi hiyo kutoka Unix ilihifadhi hesabu hiyo kwenye biti 32 zenye alama. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku 18 hivi. Zitaisha Januari 19, 2038, saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Kenya.

Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itasoma hasi 2,147,483,648, na kuamini kuwa ni Desemba 13, 1901. Hiyo ni wiki moja tu kabla ya reli kutoka Mombasa kufika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo.

Inachekesha mpaka ufikirie kazi ya tarehe. Kifaa kinachoamini ni 1901 kitaona vyeti vyote vya usalama vya intaneti kuwa havijaanza kutumika, na kukataa kuunganishwa. Mkopo utaonekana haujachukuliwa. Mlango unaofunguka kwa ratiba hautafunguka.

Kwamba kaunta iliyojaa ni jambo zito, tayari tumeonyeshwa. Mwaka 2015 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliamuru ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner, aina ambayo Kenya Airways pia huirusha, zizimwe umeme kabisa mara kwa mara. Ilikuwa imegundulika kwamba ndege ikiwashwa mfululizo kwa siku 248, kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta ingejaa, vidhibiti vyote vingejizima kwa pamoja na ndege ingeweza kupoteza umeme wake. Piga hesabu mwenyewe: ukihesabu kwa sehemu ya mia ya sekunde, unafika 2,147,483,647 baada ya siku 248 na nusu hivi.

Habari njema ni kwamba simu na laptopu za kisasa zina biti 64, na saa ya biti 64 itadumu miaka bilioni 292. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, kiini cha Linux kinaweza kuhesabu wakati kwa biti 64 hata kwenye mashine ndogo za biti 32. Hofu iko kwa vifaa ambavyo hakuna anayevikumbuka: ruta juu ya dari, kidhibiti cha pampu, kamera za usalama, mashine ya hospitali iliyonunuliwa zamani na bado inafanya kazi vizuri. Iko pia kwenye hifadhidata. Aina ya TIMESTAMP ya MySQL imeandikiwa mwisho wake hadi sekunde ile ile ya Januari 19, 2038.

Na si lazima tungoje hadi 2038. Mfumo unaohesabu tarehe za mbele hugonga ukuta mapema. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaochukuliwa leo unaisha baada ya siku hiyo. Benki Kuu ya Kenya imewahi kuuza hati fungani za miaka 25 na zaidi. Anayeandika programu ya kukokotoa malipo hayo anahitaji tarehe za miaka ya 2040 sasa hivi.

Kwa hivyo kama unasomea kompyuta au unajifunza programu mtaani kupitia YouTube, hili ni zoezi la jioni moja. Chukua mashine ya majaribio, kamwe si simu yako ya kila siku wala seva ya kazini, isogeze saa yake hadi Januari 18, 2038, kisha uwashe programu yako na uiache ivuke usiku. Angalia kila safu ya hifadhidata iliyoandikwa INT na ujiulize kitu hicho kitakua hadi wapi. Palipo na shaka, tumia BIGINT. Nafasi unayopoteza ni baiti nne kwa kila rekodi.

Waliochagua biti 32 hawakuwa wazembe. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na mwaka 2038 ulikuwa mbali sana nao. Kijana aliyezaliwa 2008 atakuwa na miaka 29 au 30 asubuhi ile, umri ambao wahandisi wengi ndio wamekabidhiwa mifumo ya watu waliostaafu. Simu ya dharura ikilia saa kumi na mbili na robo, itakuwa inampigia yeye.